Majani ya Mzee Lerionka

Sakina, Arusha
8 Februari 1998

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na mama ameacha kukohoa. Mimi mwilini sina tatizo. Ya moyoni nitakueleza, ila nivumilie nianze na mengine, maana nimekwisha kuchana karatasi kadhaa.

Sylvanus alifika salama na ndizi mlizotuma. Ameniambia mvua hizi za El Nino zimebomoa mfereji na kuangusha migomba upande wa korongoni, na kwamba umemfukuza mnunuzi wa kahawa wa kampuni binafsi kwa kuingia kihambani, shambani mwako mwenyewe, bila kupiga hodi. Nilicheka. Siku hizi kila mtu ana kampuni, Baba. Hata chuo ninachofundisha ni kampuni ya mtu.

Huyo mdogo wangu ameniambia pia kwamba unanitangaza parokiani kuwa binti yako anafundisha madaktari. Si madaktari, ni wataalamu wa maabara, hawa watakaopima damu na makohozi. Na mimi simfundishi mtu damu. Nafundisha Kiingereza, kile cha juu: kusoma makala za utafiti, kuandika muhtasari wa matokeo, kusimama mbele ya wataalamu na kutetea ulichokiona kwenye darubini. Mimi niliyeikimbia biolojia kwa kuogopa chura, leo nasahihisha kurasa za vimelea vya malaria kwa wino mwekundu.

Bwana Aminieli, mwenye chuo, anasema wazazi wanatuletea watoto kwa sababu ya Kiingereza kwanza, mengine baadaye. Akaniruhusu niweke sheria yangu: katika kipindi changu hakuna Kiswahili, hata kwa utani. Anayekosea anasimama mpaka apate neno. Sikuitoa mbali sheria hiyo. Wewe ulikuwa ukituacha tule ndizi bila chumvi mpaka tuiombe kwa Kiingereza, na mama anatusogezea kwa siri. Niliipenda sheria yangu. Nilijiona mwalimu kamili.

Kuna mwanafunzi wangu anaitwa Naisiae, binti wa mkulima na mfugaji wa upande wa Oldonyo Sambu, Mlutheri wa kuimba kwaya. Mwalimu Koikai, anayewafundisha maabara, anasema hajapata mwenye jicho kama lake. Kuandika anaandika vizuri, polepole. Kusema ndiko kunamshinda. Ukimkazia macho tu, maneno yanamkimbia. Kwa hiyo yeye ndiye niliyemsimamisha kuliko wote. Nilijiambia namsaidia. Ukweli ni kwamba wenzake walikuwa wakicheka, na mimi nilifurahi kuona darasa langu limechangamka.

Mwezi uliopita tulikuwa tunawasubiri wageni waliotupa darubini mpya. Nikahamishia kipindi changu maabara, ili wanafunzi wazoee kueleza kazi kwa Kiingereza huku wanaifanya. Mwalimu Koikai alikuwa na msiba kwao, nikasema nitatosha. Kijana mmoja, Hans, akachukua chupa ya spiriti aongeze kwenye taa, akidhani imezimwa. Kumbe ilikuwa inawaka. Moto wa spiriti hauonekani vizuri mchana, jambo ambalo wao wanalijua na mimi nilikuwa silijui. Ulilipuka, Hans akaungua mkono na shingo, na darubini moja ikaharibika. Namshukuru Mungu anaendelea vizuri, vidole vimeanza kukunjika.

Bwana Aminieli akaitisha baraza. Ilikuwa zamu ya Naisiae kuzima taa. Nilipoulizwa, nikasema kwamba alikuwa amesimama mbele ya Hans, akitazama, na nilipomtaka aseme, hakusema kitu. Wakamsimamisha masomo. Jumatatu ijayo, tarehe 16, baraza litakaa tena kuamua kama afukuzwe kabisa, na hakuna anayemtetea.

Wiki iliyopita baba yake alikuja chuoni. Mzee Lerionka ni wa umri wako, amefunga shuka vizuri, na mkononi ameshika majani mabichi. Kwao majani hayo ni kama isale kwetu: ukiletewa, umeombwa msamaha, na huwezi kukataa. Aliniamkia kwa heshima kana kwamba mimi ndiye mkubwa. Akasema binti yake amemweleza kwamba alikuwa mzito wa kusema wakati mwalimu anamuuliza, mwenzake akaungua. Akaomba radhi kwa kijana, kwa chombo cha wageni, na kwa mtoto wake kunikosea adabu kwa kunyamaza. Hakuomba arudishwe. Aliomba tu nisimwekee kinyongo.

Sasa nakuambia, Baba. Naisiae hakunyamaza. Aliiona taa inawaka, akaanza kumwambia Hans kwa Kiswahili, na mimi nikamkatiza. Nikamwambia aseme kwa Kiingereza au asiseme. Akasimama mdomo wazi anatafuta maneno, na nilikuwa bado natabasamu spiriti ilipomwagwa. Nilichosema barazani kilikuwa kweli, kila neno, na chote kilikuwa uongo. Mtoto huyo hakunitaja, hata kwa baba yake mzazi. Na yale majani niliyapokea. Niliyapokea kwa mikono miwili, nikamwambia mzee yameisha.

Nimemweleza Bwana Aminieli. Amesema nifunge mdomo, chuo kitaharibikiwa jina, na nikitaka kusema nitafute pa kufundisha. Jumatatu hiyo nitasema. Kazi ikienda, iende. Naomba tu usikie kwangu kabla hujasikia kwa watu wa parokiani. Ila kabla ya baraza nataka nifike kwa Mzee Lerionka, na unajua mtu haendi peke yake kuomba msamaha wa namna hii. Naomba ushuke Arusha na Sylvanus Ijumaa, tupande kwake Jumamosi. Ukate isale pale mpakani mwa kihamba, wewe mwenyewe. Najua nakupeleka kuinama kwa kosa usilolifanya, na naona aibu kukuomba kuliko ninavyoona aibu kwa kosa lenyewe. Ukisema hapana, nitaelewa, nitakwenda hivyo hivyo.

Msalimie mama, umwambie nitamwandikia yake. Wasalimie shangazi na majirani wote, na padri pia, kama hutaona vibaya kunitaja.

Na kuna salamu zako ambazo nimekaa nazo wiki nzima nikishindwa kuzituma. Mzee Lerionka alipokuwa anaondoka aliuliza kama baba yangu yu hai. Nikasema yupo. Akasema nikusalimie sana, na nikuambie kwamba umelea vizuri.

Ni mimi binti yako,
Tekla