Namba Isiyojua Kumekucha

Mikocheni, Jumapili

Baba,

Shikamoo. Jicho linaendeleaje? Najua dada Sekela ndiye anayekusomea barua hii, na kwamba akikusomea gazeti unamkatiza ili umbishie mhariri. Nimecheka, nikajua mdomo huu nimeurithi wapi. Mie mzima, ila nimebanwa.

Unaniulizaga kazi yangu hasa ni nini. Mgonjwa wa zahanati moja ya Temeke huomba miadi kwa simu. Anajaza tarehe na saa, na programu yangu inavigeuza kuwa namba moja ndefu, hesabu ya muda uliopita tangu mwaka 1970 ulipoanza. Kompyuta hulinganisha namba hiyo na ya sasa, ikaamua nani amewahi na nani amechelewa.

Jumatatu nilikuwa mapokezi nikikagua mashine. Akaja mama mmoja wa Mbagala, ana kidonda cha sukari mguuni. Alijaza 3, yaani saa tatu asubuhi, kama wewe ungejaza. Kompyuta ikaisoma saa tisa usiku. Binti wa mapokezi akamwambia amechelewa kwa saa sita.

"Mwanangu," mama akasema, "kwani leo jua limechomoza mara mbili?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka; alikuwa anarudishwa mara ya tatu. Na yale maandishi mekundu kwenye kioo, UMECHELEWA, OMBA UPYA, niliyaandika mimi. Nilimwingiza kwa daktari kwa ugomvi.

Kisha nikamwendea bosi. Nikamwambia saa zetu si kosa. Kosa ni langu, sikumuuliza mtu ni asubuhi au usiku, na nitalirekebisha kwa siku moja. Akasema wenye mfumo wako ng'ambo, hawataki uguswe. Akanisogezea karatasi inayosema wagonjwa hawajui kujaza fomu. Nikiisaini, naye anasaini likizo yangu ya kuja kukuuguza.

"Saini kwa saini, dada. Acha siasa."

Karatasi iko mezani hadi leo. Nikiacha kazi, hakuna atakayeugusa ule mstari wa programu unaosoma saa. Nikisaini, nitakushika mkono nikiwa mwongo.

Sekela, msomee na hili, usiruke: sisaini. Kwa hiyo siji.

Msalimie mama mdogo. Shemeji, mume wa Sekela, mwambie ndiye atakayekupeleka kwenye upasuaji Alhamisi. Wamekuandikia saa tatu. Baba, fika jua likichomoza, ukae mlangoni, na wakisema umechelewa uwabishie. Huenda na huko mfumo uliandikwa na mtu kama mie.

Mwanao mbishi,
Tumaini