Shairi la Bi Mwanakheri

Maskati, 1970

Mjukuu wangu Thuraya,

Salamu zako zimetufurahisha. Mama yako mzima; mimi pumzi zinapungua.

Umeuliza kwa nini katika makaratasi yangu ya uhariri uliona shairi moja mara mbili. La kwanza ni la Bi Mwanakheri wa Makunduchi, kwetu kusini ya Unguja. La pili ni hilohilo, nililolisafisha nikalichapisha. Aliposomewa alicheka: "Mwanangu, umeifua kanga mpaka maua yametoka!"

Nilikuwa kijana, nikamwona hajui. Sasa nna shaka, na nataka kujua kabla sijafa. Nimekunakilia yote mawili. Wasomee wenzako wa kwetu Unguja wanaosoma huko Kairo, usiwaambie lipi la nani. Watakaloomba ulirudie, lihifadhi. Jengine lichane, hata likiwa langu.

Niandikie upesi.

Babu yako