Mashine Iliyojifunza Kutaja Jina

Mama Neema mpendwa,

Kamwene, mke wangu. Mmeamkaje huko Kihesa? Kikohozi cha mama kimepungua? Mimi huku Uingereza ni mzima, ila baridi yake ingemfanya hata mtu wa Njombe aombe blanketi la pili.

Barua yako imefika. Unasema mchungaji hawezi tena kuahirisha ubatizo wa Neema, na Pasaka ikija bila mimi, kaka yako atasimama mahali pangu. Nilikosa raha, maana mkubwa wetu alishasema hakuna likizo mpaka hesabu za daraja zitoke sawasawa.

Unajua tunatumia ile mashine ya hesabu inayojaza chumba kizima. Tunaiandikia maagizo, nayo inakokotoa na kuchapa majibu. Basi ilituchapia kwamba daraja zima la chuma ni jepesi kuliko mzigo wako wa kuni. Kosa lilikuwa ndani ya maagizo yetu, lakini wapi?

Nikaukumbuka mfereji wetu. Maji yasipofika bustani za chini, kila mama husimama penye bustani yake, wakiitana kuanzia juu, kila mmoja akitaja jina lake na kina cha maji: "Mama Elia, magotini!" "Mama Tumaini, kifundoni!" Panapopungua ghafla ndipo penye tundu. Nikaiagiza mashine nayo iseme kila hatua. Loo, ikachapa tarakimu tupu ukurasa mzima, kama kina mama wangetaja vina vya maji bila kujitaja wenyewe. Nilicheka mpaka machozi.

Kuandika jina na kipimo kila mahali ni maagizo mengi, na uvivu wangu unaujua. Nikatunga neno moja, ITA. Kila nilipoliweka, mashine ililigeuza yenyewe kuwa maagizo yote: taja jina la hesabu hii, kisha chapa kiasi chake. Kazi ikiisha, nabadili maana ya neno mahali pamoja tu, na zote zinanyamaza. Nguzo zikaitika vizuri. Sakafu ikaitika sifuri! Tulikuwa tumeifuta kabla ya kuijumlisha.

Mkubwa wetu akalitazama lile neno. "Lugha gani hii?"

"Ya nyumbani."

"Basi nenda huko ukapumzike. Ila neno tuachie."

Nimepata meli itakayonifikisha kabla ya Pasaka. Nina furaha sana. Mwambie mchungaji, na kaka yako asihangaike kuazima koti. Msalimie mama, na dada yangu mshonaji. Baba mkwe aniwekee ulanzi, mchungaji asisikie.

Neema usimfundishe kuniita baba kwa ile picha yangu. Mwache aniogope, alie. Nitambembeleza mwenyewe.

Mumeo anayefunga mizigo,
Baba Neema