Keria ya Kumbebea Ramazani

Kabondo, Kisangani

Mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mwanao Asumani. Na wewe shemeji Saleh, unayemsomea Mama barua hii, soma polepole na usiruke mahali, hata pale utakapoona aibu. Jambo la kwanza: mdogo wangu Ramazani yuko hai. Najua huko Kirundu mlisikia habari nyingine. Yuko hai, anakula, anabishana, akilala anakoroma. Jambo la pili ni mguu wake. Nitalifikia.

Na ninyi mko wangapi? Nauliza hivyo kwa sababu baada ya vita hivi kuuliza hali tu hakutoshi. Goti lako, Mama, bado linakuuma mvua ikikaribia? Nyumba ina paa? Dada mkubwa amejifungua salama? Aliyeleta barua hii ni Mama Feza, muuza chumvi. Atarudi Ubundu baada ya soko la huko Kirundu. Mwambieni yote, naye ana kichwa kizuri cha kukumbuka.

Mimi ni mzima ila nimechoka. Bandarini tunabeba magunia kama zamani. Kabla ya dipanda, huo uhuru wetu, tulibeba, siku ya dipanda tulipumzika na kucheza ngoma, kesho yake tukabeba. Waasi walipokuja tuliwabebea wao, na sasa tunawabebea waliowafukuza. Mabosi wanabadilika, mgongo ni uleule.

Sasa mguu. Siku askari walipouchukua mji kutoka kwa waasi, Ramazani alikuwa ametoka kwenda kutafuta mafuta ya kupikia. Risasi ikampiga juu ya goti la kulia. Ya nani, hatujui, wala haisaidii kujua. Mfupa umeunga, lakini goti halikunjiki tena, mguu umenyooka kama mpini, na upande wa nyuma kuna kidonda ambacho hakijafunga. Kwa fimbo anatoka kitandani hadi mlangoni, anakaa. Anataka kuja kwako. Hasemi, ila kila mtu anayefika kutoka Ubundu anamuuliza kama njia imefunguka. Treni inachukua askari na vitu vyao tu. Kwa hiyo nimeamua kumleta kwa baiskeli.

Usipige kelele, Mama. Nisikilize kwanza.

Baiskeli ni ile yangu ya zamani. Waasi waliichukua, nikaikuta baadaye imetupwa ng'ambo, Lubunga. Ilirudi uchi: bila keria, bila madigadi ya kuzuia matope, bila kengele. Maduka yaliyokuwa na vyuma vizuri yamefungwa au yameporwa. Basi kwa wiki tano nimekuwa mtu wa kuinama nyuma ya baiskeli za watu. Sikujua, Mama, kwamba kitu kidogo hivyo kina elimu kubwa hivyo! Kuna keria zenye miguu miwili, zenye miguu minne, zilizofungwa kwenye ekseli ya gurudumu, zilizofungwa juu chini ya kiti. Naziinamia, natikisa, nauliza. Watu wa Kabondo wameanza kunicheka.

Mhunzi wa mtaa wetu, Fundi Shabani, ambaye baiskeli huiita kinga, aliniita.

"Papa Asumani, unatafuta nini huko nyuma ya kinga za watu?"

"Keria."

"Ya kubeba nini?"

"Mutu. Ni Ramazani."

Akacheka. "Bon. Ule kilo yake haiko mingi, lakini makelele yake iko mingi sana. Nitakutengenezea ya chuma nene."

Nilikuwa nimepata sokoni keria moja ya kiwandani, inang'aa, ina springi ya kubania juu. Nikamwonyesha. Akaipima kwa kidole. "Hii ni ya kubeba kitabu cha padiri," akasema, na akairudisha mikononi mwangu kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Bandarini nafanya kazi na Papa Alfonsi, mvuvi wa pale kwenye maporomoko. Siku ambazo mto hauruhusu uvuvi, anakuja kubeba magunia. Unajua wavuvi wale wanavyosimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali na kuifunga kwa kamba za porini, kisha wananing'iniza mitego yao humo. Nikamwambia habari ya chuma cha Fundi. Akatikisa kichwa.

"Chuma ikipigwa na shimo, inavunjika. Miti yetu inapigwa na maji kila siku ya Mungu. Inacheza kidogo, inarudi pahali yake. Niachie mimi, tonton. Leki yako, mdogo wako, atakaa kama chifu."

Nilimwamini, Mama, kwa sababu nimeiona miti ile kwa macho yangu na nimejiuliza miaka mingi kwa nini mto hauing'oi. Akatengeneza keria ya miti myembamba iliyokazwa kwa kamba mbichi, mafundo mazuri ajabu, hata nilikaa kuyahesabu. Hakukuwa na msumari hata mmoja. Nikabeba juu yake gunia la mchanga, nikazunguka Kabondo yote. Haikulia. Nikaiegemeza uani, siku nne za jua, nikingoja siku yangu ya mapumziko.

Siku hiyo nikampandisha Ramazani mwenyewe, amekaa upande kama wanawake wanavyokaa, mguu mbaya umetokeza njiani. Tulifika karibu na msikiti. Nikasikia nyuma yangu kitu kinateleza, sauti kama mkeka unaovutwa. Mafundo yalikuwa yamekauka na kulegea. Keria ikalala upande mmoja na ndugu yangu akaanguka kwa mguu uleule. Kidonda kikafunguka. Watu walikuwa wanatoka kusali, wakamwona chini.

Hapa, shemeji, usiruke. Ramazani alilia. Kisha akaniambia mimi kaka yake, "Yaya, niache hapa hapa. Mwambie Mama nilikufa siku ile, na ameshalia, imekwisha." Siku tatu alikula akitazama ukuta.

Nikaenda kwa Papa Alfonsi na hasira. Nikamtupia ile miti miguuni. Akaiokota, akabonyeza fundo moja. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea kwa mzee mwenye majivuno kama yeye.

"Tonton, kosa ni yangu. Tangu nimezaliwa sijafunga kitu chenye kukauka."

Kweli, Mama. Miti yao iko majini, kamba zao zina maji usiku na mchana. Yeye, baba yake, babu yake, nani kati yao aliwahi kuona fundo lake likikaa juani siku nne? Hasira ikaniisha. Nikabaki na maswali tu. Nikamvuta mkono hadi kwa Fundi Shabani.

Walianza kwa kutukanana. "Karibu, papa wa samaki," Fundi alisema, "umeleta kinga ya kuogelea?" Alfonsi naye akamjibu kwamba chuma chake kitamrusha mgonjwa hadi mbinguni kabla ya kufika Ubundu. Lakini wote wawili waliinama, na mtu akishainama juu ya kazi, matusi yanapungua. Fundi alifua miguu minne ya chuma, imeshika ekseli chini na nguzo ya kiti juu. Alfonsi alilaza miti juu ya chuma hicho, na badala ya kamba za porini akaifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa gari, amevivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mpira hauogopi jua wala maji, na unacheza kidogo.

Tukabaki na swali la kukaa. Akikaa upande, mguu unagonga miti ya njiani. Akikaa kama mwanamume, mguu haukunjiki. Tukabishana. Nyuma yetu tukasikia fimbo. Ramazani alikuwa ametembea kutoka nyumbani mpaka kwa mhunzi, peke yake, anatoka jasho.

"Ninyi wote watatu munapima, munabishana," akasema. "Mzigo ni mimi. Nani ameuliza mzigo?"

Akashika mti mmoja, akauweka unapitiliza nyuma ya gurudumu. "Mutanigeuza. Mugongo wangu kwa mugongo wa yaya. Mguu utalala hapa, kwa huu muti, unyooke namna unavyotaka. Mimi nitaangalia nyuma."

Fundi alimtazama, akanitazama. "Donc kichwa ilikuwa nyumbani imelala," akasema.

Kumbe akigeuka nyuma, kidonda kinakuwa juu ya gurudumu, na gurudumu linarusha matope. Ndipo nikajifunza elimu ya madigadi. Mimi nilitaka yale marefu yaliyobana tairi, mbele na nyuma, kwa uzuri wake. Mama mmoja anayeleta samaki wa moshi kwa baiskeli kutoka njia ya Isangi alinicheka waziwazi. Akanionyesha baiskeli yake: mbele hakuna kitu. Akasema udongo wa msituni unaingia chini ya digadi iliyobana na kukaza gurudumu kama breki, nawe unaanguka hapo hapo. Nilijaribu kwenye matope ya nyuma ya soko, na ni kweli, gurudumu lilisimama na mimi nikaendelea. Basi mbele nimeacha uchi, nitachafuka mimi. Nyuma Fundi amekata digadi pana kutoka kwenye debe la mafuta, ameiinua vidole viwili juu ya tairi ili udongo upite, na mwisho wake ameshona kipande cha tairi kuukuu kinachoning'inia. Jana nilipita dimbwi mara sita makusudi. Bandeji ya Ramazani ilibaki nyeupe. Aliomba tupite mara ya saba.

Tunaondoka baada ya Ijumaa. Tutapita Ubundu kumsikiliza Mama Feza, kisha tutakuja Kirundu. Karatasi ya ruhusa ya kupita vizuizi vya askari ninayo. Penye mlima nitashuka nisukume, penye daraja lililovunjika nitambeba yeye kwanza, baiskeli baadaye. Siahidi siku ya kufika.

Nisalimie dada mkubwa na mtoto wake mpya, kama ameshafika. Nisalimie mjomba, ndugu yako anayechonga mitumbwi, mwambie maswali yangu juu ya miti yake yameongezeka. Nisalimie mwalimu aliyenifundisha herufi, asihesabu makosa yangu. Na wewe shemeji, asante kwa macho yako.

Mama, jambo moja. Siku tukifika utaniona mimi tu, nimejaa udongo, na nyuma yangu hutaona uso wa mtu. Usianze kulia. Simama hapo mlangoni, ngoja nigeuze baiskeli.

Mwanao,
Asumani