Jina Lililo Nyuma ya Bati

Lüderitz,
Jumanne, 14 Oktoba 1997

Kwa kaka yangu Eliaser,

Ni matumaini yangu kwamba barua hii imekukuta mzima, na umekaa kitini. Kama umesimama, tafadhali kaa kwanza, maana nina mengi. Wifi Helvi hajambo? Na lile goti lako limepoa, au bado unawaambia waumini kwamba unachechemea kwa unyenyekevu? Mimi huku sijambo, namshukuru Mungu. Kiwandani samaki wamekuwa haba tangu Agosti, lakini mikono yangu inanuka kama kawaida. Upepo ndio huo huo unaoujua, unafungua mlango bila kupiga hodi.

Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Niliisoma mara tatu, hasira ikipanda kila mara. Uliniambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mwanamke wa miaka arobaini na sita, mjane tena mwanakwaya, hapandi pikipiki akatanua miguu barabarani. La pili, kwamba nikithubutu kwenda Kaltwasser, mji ule wa almasi uliohamwa, nisikuite kaka tena. Sasa kaka, pikipiki nimepanda, Kaltwasser nimekwenda, na kaka bado nakuita. Undugu si kibarua, useme utaniachisha kwa barua.

Unajua vizuri kwa nini nilikwenda, ila nitaliandika hata hivyo, maana nyumbani kwetu yanayojulikana ndiyo yasiyosemwa. Mwaka jana, wiki ile ya mwisho, Baba alinishika mkono akaniambia kwamba somo yangu yuko Kaltwasser, mchangani, na kwamba yeye hakumtupia udongo. Akasema niende mimi. Wewe ulikuwa upande wa pili wa kitanda. Ulimvutia blanketi mpaka kidevuni ukasema ni homa inayoongea. Nilikusikia, nikakuamini, kwa sababu wewe ni mkubwa na unasoma Maandiko mbele za watu. Lakini homa haitaji jina la mahali, kaka. Tena haitaji mahali ambapo mgonjwa mwenyewe ameapa maisha yake yote kwamba hajawahi kufika.

Waliopewa jina la mtu aliye hai hawajui adha ya kukosa somo. Wenzangu walikuwa wakienda kwa somo zao, wanachinjiwa kuku, wanashonewa nguo, wanaombewa. Mimi nilipewa jina la Pombili Nekwaya, rafiki wa Baba aliyekwenda naye kusini kufanya kazi ya mkataba mwaka arobaini na nane asirudi. Nilichopata kwake ni mke wake. Unakumbuka nilivyokuwa nikipita kwa Bibi Eunike kwenda kisimani, naye akiacha kutwanga uwele ili aniulize, “Mume wangu, leo umeamkaje?” Watoto walicheka, nami nilijibu kwa sauti nzito kwamba nimeamka salama, mke wangu, chakula kiko wapi. Alinipa togwa kwenye kibuyu chake mwenyewe. Loide, bintiye aliyenizidi mwaka mmoja au miwili, aliniita Baba mbele za watu bila haya. Na huku nyuma kijiji kizima kilimwita huyo Pombili ombwiti, mtu aliyenogewa na kusini akasahau kwao. Loide aliimbiwa wimbo wa mtoto wa ombwiti mpaka akaacha shule. Hilo nalo unalikumbuka, kwa sababu nyimbo hizo wewe ulikuwa unaziimba.

Basi Jumapili alfajiri nilifunga kilemba, nikavaa koti la marehemu mume wangu, nikatia begini mandazi matatu, chupa ya maji na mfuko mdogo wa udongo wa nyumbani niliouchota siku tunamzika Baba. Hukuniona nikiuchota, ulikuwa unapanga magari. Pikipiki yangu ni ndogo, yenyewe na mimi ukitutazama hujui nani kambeba nani. Jirani aliniuliza kama naenda kanisani na kelele hizo. Nilimjibu kwamba naenda kwenye mazishi. Akauliza ya nani. Nikamwambia ni ya zamani kidogo.

Huko lazima uende mapema, kabla upepo haujaamka. Lami ilikuwa sawa. Nilipoiacha na kushika njia ya mchanga, mambo yakageuka. Nilianguka mara mbili. Mara ya pili choroa mmoja wa pembe ndefu alisimama kando akanitazama kwa dharau, nami nikamwambia aendelee na safari yake. Kilomita mbili za mwisho nilisukuma. Niliwaza maneno yako kuhusu kutanua miguu, nikacheka peke yangu, kwa sababu kusukuma pikipiki mchangani ndiko kunakotanua miguu kuliko kuipanda.

Pale getini yuko mlinzi, mzee mmoja wa kabila la Wanama anaitwa Isak Swartbooi. Zamani alifua mashuka katika hospitali ya pale pale, siku ambazo mji ulikuwa na watu. Alitazama kibali changu, akanitazama mimi, akauliza kamera iko wapi, kwa kuwa wageni wote huja kupiga picha za nyumba za mabwana zilivyojaa mchanga hadi madirishani. Nikamwambia sina haja na nyumba za mabwana, nataka makaburi ya watu wa mkataba. Akasema makaburi yako nje ya uzio, na kibali kinaishia kwenye uzio. Nilimweleza ninayemtafuta. Alinirudishia kibali, akasema, “Mama, mimi sasa nakunywa chai. Na chai yangu huwa inachukua saa nzima.” Akaingia ndani akafunga mlango.

Sitakueleza mji. Nyumba zimebaki, mchanga ndio umekuwa mwenye nyumba. Nilipita kwenye vyumba vya vibarua, virefu, na vitanda vyake vya saruji juu na chini kama rafu za dukani, nikapanda kimoja nikalala nione. Hakinitoshi, na mimi ni mfupi. Kisha nikavuka uzio.

Misalaba ni ya chuma, ipatayo arobaini, na kila mmoja una kipande cha bati kilichofungwa kwa skrubu. Upande unaotazama kusini upepo umeyasugua mabati yale mpaka yameng'aa, na maandishi huyasomi kwa macho, unayasoma kwa kidole. Nikapita mmoja mmoja nikipapasa, nikitafuta jina langu. Mstari wa tatu kidole changu kilisoma namba, kisha N, kisha A, kisha T. Nikaendelea polepole, maana sikutaka kufika mwisho. Kidole kilisoma Natanael Ashipala. 1949.

Kaka, nimesimama kwenye kaburi la baba yetu, na baba yetu tulimzika mimi na wewe mwaka jana.

Unakumbuka kile kichekesho cha nyumbani. Kila Krismasi lazima kisimuliwe. Jinsi barua ya serikali ilivyofika kwa chifu kwamba Natanael Ashipala amefariki huko kusini, Mama akanyoa kichwa, ng'ombe akachinjwa, watu wakalia wiki mbili, na wewe wa miaka mitatu ukavishwa kitambaa cheusi. Na jinsi Baba alivyoingia uani mwaka uliofuata, sanduku begani, akaomba maji, na shangazi akazirai juu ya chungu. Baba alisema karani alikosea. Tulicheka miaka yote ile. Sasa nakumbuka kwamba yeye alikuwa hacheki. Alitoka nje kuangalia ng'ombe, hata usiku wa Krismasi.

Nilikaa mchangani mpaka mzee Isak akaja, chai yake imekwisha. Nilimwambia kwamba hapa kuna jina la mtu aliyekufa kitandani kwake. Hakushangaa. Alieleza kwamba kule kaskazini, kwenye ofisi ya kukusanyia vibarua, daktari aliwapima vifua. Wenye nguvu walifungwa kibao cha mgodi shingoni, wenye kifua kibovu wakapewa kibao cha kuchunga kondoo kwenye mashamba ya Wazungu. Njiani watu walibadilishana. Mwingine aliogopa mgodi, mwingine alitaka mshahara wa mgodi ili arudi na cherehani ya mke wake. Bwana alisoma kibao, hakusoma uso. “Wengi hapa wamelala na majina ya kuazima,” alisema. Kisha akainama akaniuliza kama nimetazama nyuma.

Nyuma ya bati, upande ambao upepo haufiki, pamekwaruzwa kwa msumari. Herufi ndogo, hazikunyooka, mahali ambapo bwana asingeinama kutazama. POMBILI NEKWAYA. Wenzake walijua, kaka. Walimzika kwa jina la kibao kama walivyoamriwa, halafu wakampa jina lake.

Nililia. Nilimwaga ule udongo wa nyumbani, nikamwambia somo yangu kwamba Natanael ameutuma na kwamba amechelewa. Halafu nikatoa spana ya pikipiki, nikafungua skrubu mbili zilizokula kutu, nikaligeuza bati. Sasa upande wa jina lake ndio unaotazama watu, na upande wa jina la Baba uko nyuma. Mzee Isak alinishikia msalaba usitikisike. Alisema upepo utalifuta hilo nalo.

“Acha ulifute,” nikamwambia, “ila likiwa limesomwa.”

Kabla sijafunga skrubu nilikuwa nimeweka kibali changu juu ya yale maandishi nikasugua kwa penseli mpaka jina likatokea kwenye karatasi. Nilipotoka getini mzee Isak alinikagua kama sheria inavyotaka, akakung'uta hata mchanga wa viatu vyangu, maana kule bado ni eneo la almasi, hawaruhusu punje itoke. Karatasi akaniachia.

Sasa nikuulize, kaka, na usinijibu kama mzee wa kanisa. Ulijua tangu lini? Nimesoma tena barua yako. Unasema tusifukue ya kale, kwamba ukoo wa Nekwaya utadai damu, kwamba watu watasema Baba alimpeleka mwenzake kufa mahali pake na sasa ni marehemu hawezi kujitetea. Mtu asiyejua hawezi kuogopa kwa mpangilio mzuri namna hiyo. Baba alikuambia wewe, kwa sababu wewe ni mwanamume na mkubwa. Mimi alinipa jina. Nafikiri alijua kwamba wewe utanyamaza, na kwamba jina halitanyamaza.

Simlaumu Baba kwa kubadili kibao. Walikuwa vijana wawili na hakuna aliyewauliza wanataka nini. Nani alimwomba nani, hilo wamekwenda nalo. Ninachomlaumu ni miaka arobaini na sita ya kupita nje ya ua wa Bibi Eunike na kumwamkia. Na wewe nakulaumu kwa huu mmoja, kwa sababu Baba alikuwa anaogopa jela ya makaburu, wewe unaogopa kupoteza kiti cha mbele. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Bibi Eunike ana miaka sabini na minane. Loide ananiandikia kwamba siku hizi hatoki kitandani, na kila gari likipita anauliza ni nani ameshuka. Anamngoja, Eliaser. Anamngoja mtu aliyemwacha, ili amuulize kosa lake lilikuwa nini. Hana kosa, na mtu huyo hakumwacha.

Nimefika kwenye lile ambalo nimelizunguka tangu mwanzo. Karatasi yenye jina tayari iko kwa Loide. Dada mmoja wa kiwandani amesafiri nayo jana kwa basi, na ameapa hataipitisha mkono mwingine. Barua hii nampa dereva wa basi makusudi ikufikie Ijumaa, siku moja tu kabla. Kesho yake Jumamosi, baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, kwenye matangazo ya vifo ya redio ya lugha yetu, utasikia lifuatalo. Nimelisoma mwenyewe kwa simu ya posta na mtangazaji amelirudia neno kwa neno. Nimeambiwa pia kwamba wa kuliondoa ni yule aliyelileta, kwa hiyo usijisumbue.

“Pombili Nekwaya alifariki mwaka 1949 huko Kaltwasser, akiwa kazini kwa jina la rafiki yake Natanael Ashipala. Hakuwa ombwiti. Ameacha mke, Eunike, binti, Loide, na somo yake. Waombolezaji wakutane nyumbani kwa marehemu Natanael Ashipala, ambako watapokewa na mwanawe mkubwa, mzee wa kanisa Eliaser Ashipala.”

Ndiyo, kwako. Msiba hutangazwa pamoja na mahali pa matanga, na mahali pengine sikupaona. Watakuja wengi, ukoo wa Nekwaya wote, na wale walioimba ule wimbo pia watakuja kwa sababu watu hupenda kujionea. Wakidai damu, wape ng'ombe wangu watatu walio zizini kwako. Wakidai maneno, hayo utatoa wewe. Umtume mtu mmoja aende na mkokoteni kumleta Bibi Eunike, na mumwekee godoro mahali pa mjane, ndani, sio uani.

Nisalimie wifi Helvi, na umwambie aloweke uwele wa kutosha. Wasalimie watoto wote, na waumini wanaoniulizia, na hata wasioniulizia. Mimi nitaondoka huku Alhamisi kwa pikipiki. Nimeambiwa ni siku tatu kama sitaanguka sana. Ukinisikia nikiingia uani, fungua geti. Usipofungua, nitapiga honi nje mpaka waombolezaji wakuulize ni nani huyo.

Ni mimi mdogo wako, upende usipende,

Pombili