Tope la Mlango wa Kulia

Jumatatu, 4 Agosti
Nimemaliza bango la saluni, nikarudi kwenye gari langu la mfano. Ni deraya, gari la vita, ya plastiki, inaenea kiganjani, nyeupe yote kama magari ya kulinda amani. Tatizo ni uchakavu. Linaonekana jipya lililomwagiwa uchafu. Halionekani kama gari lililofanya kazi.

Kaka Salumu aliendesha gari kama hili huko ng'ambo. Huu mwaka wa tatu tangu arudi, anaishi Masasi na mkewe, na hajatusimulia lolote. Jumamosi anakuja Newala kwenye arusi ya binti wa shangazi. Nataka alikute limekamilika. Nataka aseme.

Jumanne, 5 Agosti
Rangi ya mafuta ya kahawia, tina nyingi ya kuizimua. Nimeiacha itiririke yenyewe kwenye maungio ya bodi. Imetulia pembeni tu. Nzuri. Mikwaruzo nimeigonga kwa kipande cha sponji. Brashi ilikuwa inaniachia mistari ya bango.

Wifi, mke wa Salumu, amepiga simu. Nimemwambia ninachofanya. Akasema, "Usimwonyeshe, wifi. Akiweweseka usiku, ni mimi ninayemshika. Si wewe."

Nimekasirika. Naogopa pia.

Jumatano, 6 Agosti
Jirani amepulizia mikorosho salfa ya unga. Upepo umeileta dirishani. Vanishi ilikuwa mbichi. Gari zima njano.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimefuta kwa tina. Nimesugua mno. Rangi ya paa imetoka yote, plastiki nje. Nimelia kwa hasira. Mwenye duka la pembejeo amekuja kuulizia bango lake, nimemwambia naumwa. Uongo. Nimepaka paa upya.

Labda wifi ana haki. Sitaki kulifikiria hilo.

Ijumaa, 8 Agosti
Tope. Nimeponda udongo wetu mwekundu, nikauchekecha kwa soksi ya nailoni, nikauchanganya na gundi. Zamani nilipaka kwa mkupuo. Leo tabaka jembamba, likauke, kisha jingine. Chini zito, juu vumbi tu. Nimefuata picha pekee aliyotutumia kutoka kule. Inaonyesha upande wa kushoto. Wa kulia nimeukisia, nikaupaka vilevile.

Limekuwa na uzito sasa. Ukilitazama unasikia injini.

Wifi ametuma ujumbe, neno moja: tafadhali. Sijajibu.

Jumamosi, 9 Agosti
Baada ya pilau kaka alikuja kwangu na wifi, kukimbia kelele za ngoma. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akakaa. Niliweka gari mezani.

Alilitazama. Akaliinua, akaligeuza. Uso ukamkauka. Akalirudisha polepole, akatoka, akasimama nyuma ya nyumba akiwa ametupa mgongo. Wifi alinitazama. Sikuweza kumtazama. Nilijua nimemuumiza ndugu yangu kwa ajili ya udadisi wangu. Alikaa huko mpaka chai ikapoa.

Aliporudi aliomba maji na kitambaa.

"Mlango huu wa kulia haukuwa na tope, Zaituni," alisema. "Tuliuosha. Tito ndiye aliyekuwa amekaa hapo."

Akaanza kufuta. Taratibu, kwa ncha ya kidole, mpaka weupe ukarudi. Wifi aliketi chini mkekani. Miaka yote hii analisikia jina hilo usiku, kaka akilala. Hakujua ni la nani. Hakuthubutu kuuliza.

Jumapili, 10 Agosti
Walilala kwangu. Asubuhi, chai na muhogo wa kuchemsha. Kaka alizungumza kidogo kidogo, macho kwenye kikombe. Tito alikuwa askari mwenzake, mtu wa Tandahimba. Mcheshi, mlafi wa embe mbichi. Mama yake yu hai. Kaka hajawahi kwenda kumpa pole.

Kisha akamuuliza mkewe kama basi la Tandahimba litakuwa limeshapita. Wifi akajibu kwamba bado, na kwamba watakwenda wote wawili.

Niliwasindikiza stendi. Njiani wifi alinunua sukari na kitenge cha kumpelekea mama Tito. Alichagua muda mrefu, kaka akamsubiri. Kulikuwa na baridi na upepo.

Basi likaja. Wakapanda.