Mchungaji Alisema Baba, Nami Nikasema Baba

Dada Celestine, nakusalimu kwa jina la Yesu, nisaidie kabla Jumapili haijafika maana sijui nitauficha wapi uso wangu. Mimi ni mama wa watoto watatu, tunachuma majani chai hapa Gesima, na kwa miaka tisa nimekuwa mkalimani katika kanisa letu dogo la Methodisti, kwa kuwa wachungaji tunaoletewa hutoka mbali na hawajui Kikisii, na akina mama wazee wetu hawajui Kiswahili, na huyu wa sasa, Mchungaji Duncan, alihamishiwa kwetu Januari kutoka Meru, mtu mzuri sana ila anahubiri mbio mbio utadhani mvua inamfukuza.

Mwezi jana alihubiri juu ya mwana mpotevu, akasema, "Nitaondoka, nitakwenda kwa baba yangu," na mimi, jicho likiwa kwa kitinda mimba wangu aliyekuwa anataka kung'oa waya wa spika, nikaliacha lile neno lipite kama lilivyo, baba, na wewe unajua kwetu "baba" ni mama, baba tunamwita "tata". Nilishtuka nikiwa nimeshasema, wazee wakatazamana, binti yangu kwenye kwaya akajifunika uso kwa kitabu cha nyimbo akicheka, na badala ya kuomba samahani niliona haya, nikaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho: mama akamwona kwa mbali, mama akakimbia, mama akaagiza ndama achinjwe. Watu walilia, Dada. Hadithi wanaijua, lakini walidhani mchungaji ameigeuza makusudi.

Sasa kuna muumini, nimwite Ochoki, aliyekaa miaka sita bila kumsalimia mamake, tangu mama alipomgawia dada yake aliyerudi nyumbani kipande cha shamba la chai, na ni ua tu ulio kati yao. Alasiri ile ile Ochoki alibeba mkungu wa ndizi akaenda kwa mamake, wakala pamoja, na siku hizi anamchumia chai. Jumapili hii ameomba kutoa ushuhuda kwamba Mungu alimfunulia mchungaji shida yake, ndiyo maana akalibadilisha neno. Mchungaji hajui lolote! Ushuhuda utakuwa kwa Kikisii na wa kuutafsiri ni mimi. Ochoki atasema "baba", mamake amesimama pale pale, nimwambie mchungaji nini? Nikisema "mama" atajua nilichofanya. Nimefikiria kusema "mzazi" tu nipite. Nikisema ukweli, Ochoki si ataona alidanganywa, arudi nyuma ya ua wake? Mamake, Mama Bonareri, ana miaka themanini. Nikimharibia furaha hii sitajisamehe.

Mkalimani, Gesima

Mkalimani wangu, pole sana, halafu kaa chini nikugombeze.

Neno la kwanza lilikuponyoka, na mtu anayekimbizana na mhubiri na mtoto kwa wakati mmoja lazima ateleze siku moja. Hilo nilikusamehe kabla sijamaliza kusoma. Lakini yule ndama hakukuponyoka, dada yangu. Ulikuwa unajua. Uliogopa kuchekwa dakika moja, sasa umekosa raha mwezi mzima. Na hilo "mzazi" lako la kupita katikati, lirudishe ulikolitoa. Mkalimani akianza kuchagua maneno ya kujikinga, kanisa halina mkalimani tena.

Sasa nikuulize. Ochoki hakulelewa kanisani? Hadithi hiyo ameisikia tangu Sande skuli na anajua vizuri kwamba ina baba. Aliposikia mama, angeweza kucheka kama binti yako. Hakucheka, alienda kukata ndizi! Mtu huyo alikuwa ameuchoka ule ua siku nyingi. Wewe ulimpa sababu bila kukusudia, lakini kuvuka alivuka mwenyewe, na sioni akirudi kwa ajili ya neno moja la Kiswahili.

Gazeti hili linatoka Alhamisi. Leo mchana nenda kwa mchungaji umweleze yote, pamoja na ndama. Akicheka, cheka naye. Akikasirika, nyamaza mpaka amalize. Kesho nendeni wote wawili kwa Ochoki, mamake akiwepo, na umwambie kwa Kikisii chenu, usimwache asimame mbele ya watu kushuhudia ufunuo ambao haukuwepo. Ushuhuda bado anao, tena autoe kwa sauti. Kama Mungu alipitia kwenye kosa lako, hilo aliseme Ochoki, si wewe.

Jumapili, kitinda mimba mwachie binti yako. Simama karibu na Ochoki. Atakapofika pale na kusema "baba", usiangalie chini. Mgeukie Mchungaji Duncan, umwambie kwa Kiswahili: mama.